Mikono ya Buluu

Nchi ya Shwari haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi njema. Ina milima miwili, ziwa moja, na Rais mmoja ambaye watu wake humwita Mtukufu Mlezi, si kwa kulazimishwa, la hasha, bali kwa sababu jina jingine lolote linahitaji kibali. Yaliyotokea huko nayasimulia kama yalivyonifikia, bila kuongeza hata punje ya chumvi. Msomaji akiona mahali pamezidi, ajue hapo ndipo nimepunguza.

Kamera ililetwa kama zawadi. Nchi moja rafiki ilisikia kwamba mlima wa Shwari umeporomoka na kufunika kijiji, basi ikatuma kamera ya kushika mkononi, kubwa kidogo kuliko pasi, inayoona joto badala ya mwanga. Mtu akifukiwa, akipotea msituni au akijificha kichakani, kamera humtoa kwa rangi nyekundu, na vitu baridi vyote huonekana buluu. Serikali ya Shwari ilishukuru sana. Kisha ikaeleza kwa upole kwamba mlima haukuporomoka bali ulijisogeza, na kwamba hakuna mwananchi aliyepotea, maana tangu Mtukufu ashike madaraka kupotea kumepigwa marufuku.

Pamoja na kamera alikuja mtaalamu wa kufundisha kwa siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi, na ya tatu ya ufungaji. Ya pili ilianza kwa chai ikaishia kwenye picha ya pamoja, na katikati ya chai na picha ndipo Koplo Siwema alipofundishwa. Alijifunza kuwasha, kuzima na kusoma rangi. Kuhusu mengine mtaalamu alisema yamo kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho kikapigwa muhuri wa SIRI KUU kikafungiwa kabatini, ili maadui wasijue kamera inatumiwaje. Siwema naye hakujua, lakini hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo.

Miezi minne kamera ilikaa bila kazi. Kisha asubuhi moja Mtukufu akahutubia redioni, na katika ofisi ya Utulivu wa Umma, kama ilivyo desturi ya Shwari, wafanyakazi wote wakasimama kuipigia redio makofi. Siwema alikuwa anaipangusa kamera vumbi. Aliiwasha kuona kama bado nzima, akaielekeza mbele, na viganja vya Kamishna Lugendo, mkuu wa ofisi ile, vikawaka kwenye kioo kidogo mithili ya makaa.

"Unachekea nini, Koplo?" akauliza Kamishna.

"Samahani, afande. Ni mikono yako. Imepata moto kwa makofi."

Laiti angesema ametekenywa na vumbi! Kamishna Lugendo hakuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini chache alizokuwa nazo zote zilikuwa za kazi. Alimnyang'anya kamera, akaielekeza kwenye mikono ya karani aliyemtumikia miaka tisa. Mikono ya karani ilikuwa manjano hafifu, inakaribia buluu. Kumbe miaka yote ile alikuwa anagusisha viganja tu na kutoa sauti kwa mdomo.

Mchana huo karani alihamishiwa kisiwa cha ziwani kuhesabu mawimbi. Jioni yake ikaundwa Idara ya Uhakiki wa Makofi.

*

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Hotuba ikiisha, wananchi husimama mistari kumi, mikono juu, viganja mbele. Siwema hupita na kamera machoni, viwiko vimetanuka, huku makarani wakimfuata na fomu mbili kwa kila mtu, ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Mwenye viganja vyekundu huenda nyumbani. Wa manjano hupewa ushauri nasaha. Wa buluu hukamatwa kwa kosa la ubaridi wa makusudi.

"Ndugu wananchi," alisema Kamishna siku ya uzinduzi, "kwa muda mrefu tumekuwa tukiwaamini. Tunaomba radhi kwa uzembe huo. Kuanzia leo upendo wenu utapimwa kisayansi, ili anayempenda Mtukufu apate uhuru wa kuthibitisha, na asiyempenda apate uhuru wa kujulikana!"

Watu wa Shwari si wajinga. Juma halikuisha, milangoni mwa uwanja wakajaa akina mama na sufuria za mayai ya kuchemsha. Mayai hayo hakuna aliyeyala. Mtu hushika moja kila mkono hadi hotuba iishe, akalirudisha sufuriani lipate moto tena kwa ajili ya mwenzake. Wengine walijaza mifuko viazi vya moto, na mzee mmoja aliyekuwa na chupa ya chai kwapani alitajwa kwenye taarifa ya habari kuwa mzalendo wa mwezi. Makofi yakapungua kabisa, wekundu ukaongezeka, na Kamishna akaandika kwenye ripoti yake kwamba upendo umekomaa hadi kuwa wa kimyakimya.

Siwema alijua habari za mayai. Alinyamaza, na moyoni alifurahi kila alipomwona mtu anarudisha yai. Lakini wapo waliokosa yai, na wapo wagonjwa na vikongwe ambao damu yao haifiki vidoleni hata wafanyeje. Hao ilimbidi awatazame kwenye kioo kidogo na kutamka kwa sauti, "Buluu." Neno hilo lilikuwa linamkera mdomoni. Alilitamka mara mia nne na kumi na moja.

La mia nne na kumi na mbili lilikuwa la mumewe.

*

Shomvi alikuwa muuza barafu. Kuanzia alfajiri hadi alasiri alibeba mapande ya barafu kutoka kiwandani, akayapeleka kwa wauza juisi na wauza samaki, na mikono yake ilikuwa baridi hata jua likiwaka namna gani. Siku zile za mwanzo za ndoa yao Siwema alikuwa akipiga yowe kila akiguswa shingoni, na Shomvi alikuwa akimgusa kwa makusudi.

Siku hiyo alitoka kazini moja kwa moja hadi uwanjani. Hakupata yai, basi akapiga makofi ya kweli, dakika kumi zilizobaki za hotuba, makofi ya nguvu hadi safu ya mbele wakageuka kumtazama. Kamishna mwenyewe alimsonta kidole akasema, "Mnamwona yule? Mfano bora." Siwema alipofika mbele yake kwenye mstari, alijifanya anafuta kamera, akasogea hatua mbili kwa mtu wa pili.

"Rudi hapo," sauti ya Kamishna ikasema nyuma ya bega lake. "Umeruka mmoja."

Akarudi. Mikono miwili ilionekana kwenye kioo, buluu nzito ya wino, hadi kwenye vifundo.

"Lo! Mikono ya maiti hii. Nani huyu?"

"Ni mume wangu, afande."

"Pole sana, Koplo," Kamishna akasema kwa huruma ya kweli. "Mkamateni."

"Afande, anauza barafu! Ametoka kubeba barafu sasa hivi. Si umemsikia mwenyewe alivyopiga makofi? Umesema ni mfano bora!"

"Nilimsikia kwa masikio. Masikio ni yangu, yanaweza kukosea. Kamera ni ya serikali."

Shomvi alipofungwa pingu alimtazama mkewe, akamkonyeza. "Usijitie matatani, mama. Picha imetoka vizuri lakini? Sikufumba macho?"

Siwema alitaka kucheka, na alitaka kulia, na hakuweza kufanya lolote kwa sababu alikuwa kazini.

*

Hukumu ilikuwa miaka saba kwenye mashamba ya chumvi, ambako wafungwa hupofuka kwa mng'ao wa chumvi kabla hawajamaliza nusu ya kifungo. Lori la kuwapeleka wote mia nne na kumi na wawili lingeondoka siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani. Zilibaki wiki mbili.

Siwema alimtembelea mumewe gerezani mara moja. Wafungwa wengine walipomwona anaingia waligeuka wakampa migongo, ukumbi mzima, na Siwema hakuwalaumu. Shomvi peke yake alisogea, akapitisha vidole kwenye wavu.

"Shika uone. Siku tano bila barafu. Mikono imekuwa laini na ya moto, utadhani ya waziri."

Siwema akaishika. Ilikuwa ya moto kweli. Alitoka mbio hadi kwa Kamishna, hata saluti akaisahau.

"Afande, naomba apimwe tena. Mikono yake sasa ni myekundu, nimeishika mwenyewe."

Kamishna aliweka kalamu chini. "Koplo, kaa. Wewe ni mtu wa teknolojia, utanielewa. Tukimpima tena akawa mwekundu, ile mara ya kwanza tulipima nini?"

"Tulipima barafu, afande."

"Serikali haijawahi kupima barafu. Kipimo cha serikali hakirudiwi. Siku kikirudiwa watu wataanza kuuliza mambo mengine kama nayo yanaweza kurudiwa. Uchaguzi, kwa mfano." Akashika kalamu tena. "Nenda kapumzike."

*

Sikukuu ya Shukrani ndiyo siku ambayo wananchi wa Shwari huishukuru serikali kwa shukrani ilizowapa mwaka uliotangulia. Mtukufu Mlezi alihutubia kwa saa nne akiwa ndani ya kibanda cha kioo kisichopenya risasi, kinene kama tofali, chenye kiyoyozi ndani, kwa sababu jua la Shwari halina adabu. Watu walimwona kidole kikipanda na kushuka, na sauti yake ikatoka kwenye spika.

Katikati ya hotuba Kamishna alimwita Siwema pembeni. "Nataka picha ya Mtukufu kwa kamera ya joto. Itatundikwa kila ofisi. Nataka wekundu wake uonekane, watu waone kwamba sisi sote ni majivu tu. Panda, simama hatua tatu kutoka kwenye kioo, piga."

Siwema alipanda akainua kamera. Kibanda chote kilikuwa buluu. Mtukufu, ambaye kwa macho yake alimwona waziwazi akionya kwa kidole, kwenye kamera hakuwemo. Badala yake, katikati ya buluu ile, alisimama mtu mwekundu, mfupi, kofia kichwani, viwiko vimetanuka, ameshika kitu usoni. Siwema akateremsha kiwiko kimoja. Mtu mwekundu naye akateremsha. Akajikuna sikio, na yule naye akajikuna. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo bila shaka lilikuwa limelala kwenye kitabu kile kabatini. Jicho la kamera halipenyi kioo. Kwake yeye kioo ni ukuta wa baridi, na mbaya zaidi, kinamrudishia sura ya anayepiga.

Kidole kilishazoea kazi, kikabonyeza. Picha ikaingia.

Alishuka akiwa na nia njema kabisa ya kueleza, lakini Kamishna alishamnyakua kamera. Alitazama kioo kidogo juani, akaona buluu, na rangi ikamtoka usoni.

"Baridi," akanong'ona. "Mtukufu ni baridi."

"Afande, hiyo ni kwa sababu ya—"

"Nyamaza! Hakuna sababu! Hujaona kitu na mimi sijaona kitu."

Siwema akamfikiria Shomvi na lori la kesho. Kisha akasema taratibu, kwa adabu zote za kijeshi, "Nimjazie fomu, afande?"

"Fomu gani?"

"Za ubaridi wa makusudi. Ya kulia na ya kushoto. Au tuseme kamera imekosea? Ikiwa imekosea kwake, afande, basi na kwa wale mia nne..."

Kijasho chembamba kikamtoka Kamishna, kwenye kivuli. Aliona shimo mbele na shimo nyuma, na hakuona pa kukanyaga.

*

Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura kwenye hema la wapishi, katikati ya sufuria za pilau, huku hotuba ikiendelea nje. Siwema alisimama mlangoni kama mlinzi wa kamera.

Waziri wa Afya aliuliza kwa woga kama inawezekana Mtukufu amefariki. Akajibiwa kwamba Mtukufu bado anahutubia. Waziri wa Afya akasema kitabibu hilo si kizuizi. Waziri wa Sheria akafungua Katiba, akasoma kurasa sita, akatangaza kwamba inataja umri wa Rais na uraia wake, lakini haitaji joto lake popote. Wote wakashusha pumzi. Basi ikabaki kuamua jambo moja tu, na likaamuliwa kabla pilau haijapoa.

Kamishna akapanda jukwaani. "Ndugu wananchi! Utafiti wa hali ya juu umebaini kwamba mikono ya moto ni mikono ya kelele, ya pupa, ya kujikosha! Upendo wa kweli umetulia. Upendo wa kweli ni buluu! Buluu ndiyo rangi ya Mtukufu mwenyewe, na kuanzia sasa hivi, mwenye viganja vyekundu atakuwa na maelezo ya kutoa!"

Watu walianza kupiga makofi, wakasita, wakaiacha mikono hewani. Kisha ikasikika sauti ambayo haijawahi kusikika katika uwanja ule, ya mayai elfu moja yakiangushwa kwa pamoja.

Siwema alimkimbilia Kamishna. "Afande, basi mume wangu na wenzake wanatoka!"

"Wanatoka kwenda wapi?" Kamishna alimshangaa. "Wale walifungwa kwa sheria ya asubuhi. Hii ni sheria ya mchana. Lori liko palepale."

Ikawa maji yamemfika shingoni. Alikaa chini kwenye ngazi ya jukwaa, kamera mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini alilia akiwa na sare.

*

Alasiri hiyo picha ya Mtukufu ilikuzwa hadi ukubwa wa mlango, ikasimamishwa ofisini kwa Kamishna ili mawaziri waibariki. Walikuwa wameanza kuinama mmoja mmoja, na Waziri wa Sheria alipoinuka akasema, "Na huyu ni nani?"

Katikati ya buluu takatifu alisimama mtu mwekundu mwenye kofia, viwiko vimetanuka.

Kumbe Mtukufu hakuwa peke yake kibandani! Kulikuwa na adui, mwekundu pyu, asiyeonekana kwa macho, amesimama alipopaswa kuwa Mtukufu, ameshika kitu ambacho huenda ni silaha. Walibishana kuhusu umbo lake, urefu wake, kabila lake. Siwema alisimama hatua mbili kutoka kwao, amevaa kofia ileile, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Asakwe," Kamishna akaamuru. "Leo hii. Askari wote watoke."

Siwema akapiga saluti. "Afande, askari wote wamepiga makofi saa nne. Wote ni wekundu. Kwa sheria ya mchana, mwekundu atamsakaje mwekundu mwenzake?"

Kamishna alitia mikono yake mfukoni haraka. Mawaziri nao wakafanya hivyohivyo.

"Wapimwe upya wakipoa," mmoja akapendekeza.

"Kipimo cha serikali hakirudiwi, mheshimiwa," Siwema akasema. "Wanatakiwa watu wa buluu waliokwisha kuthibitishwa. Nchi nzima wapo mia nne na kumi na wawili. Wana fomu, wana picha, wana namba."

"Hao si wafungwa?" akauliza Kamishna.

"Ni wafungwa, afande. Lakini ni buluu."

Kamishna alimtazama kwa uso wa mtu aliyepakuliwa chakula alichokipika mwenyewe. Halafu akatoa mikono mfukoni, kwa sababu bila mikono hawezi kutia sahihi.

Asubuhi lori lile lile lililokuwa liende chumvini liliwapeleka wafungwa kwenye ghala la sare. Kila mmoja alipewa buti, kofia na nakala ya picha, wakaitwa Kikosi Maalumu cha Buluu, na kamera ikakabidhiwa kwao kwa gwaride. Waziri wa Sheria, ambaye hapendi sheria zenye matundu, aliongeza kifungu kimoja: kikosi kitaendelea kuwepo hadi mtu mwekundu atakapopatikana, na siku akipatikana, askari wote watarejea walikotoka.

*

Shomvi alifika nyumbani mchana, mikono ya sare imempita vidole. Siwema alimkumbatia mlangoni hadi akakaribia kumwangusha, akamvuta ndani, akampakulia wali na mchicha, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula. Baada ya matonge mawili Shomvi alinawa, akaikunjua ile picha mezani.

"Nimetumwa kumtafuta mtu huyu."

"Umemtambua?"

"Kabla hawajamaliza kuikunjua." Akacheka. "Viwiko gani hivyo, mke wangu? Utadhani kuku anataka kuruka."

Siwema naye akacheka, akicheka na kufuta machozi, mpaka wazo moja likamkatiza. "Na wenzako?"

Shomvi akaacha kucheka. "Wote. Kila mmoja wao alisimama mbele yako, mikono juu, akakutazama mpaka ukasema buluu. Mtu hasahau hilo."

Siwema akashika ukingo wa meza. Aliiona migongo ile ya gerezani, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na la kujitetea, maana kila neno lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. "Watasema?"

"Tulizungumza kwenye lori. Wengine walitaka kuruka palepale waende wakaseme. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, ana vidole vimekufa ganzi tangu ujana, yeye akauliza, 'Haya, tukishasema, sisi tunakwenda wapi?' Waliosimama wakakaa tena."

"Kwa hiyo wamenisamehe?"

Shomvi aliikunja picha taratibu, akairudisha mfukoni, akavuta sahani yake.

"Hapana, mama. Hajakusamehe hata mmoja," akasema. "Wamekubaliana tu kwamba hujaonekana."